Siku Nzima ya Mama kwenye Flashi

Mtu akiniletea flashi nimwekee nyimbo, sikumuuliza anataka nyimbo za nani. Nilimuuliza ataichezea wapi. Wengi walikereka. "Dada, wewe weka tu," walisema, na mimi nikawajibu kwamba siweki tu, kwa sababu nikiweka tu utarudi hapa kesho umenuna, unasema nimekuuzia hewa.

Duka langu lilikuwa Kibiti, hatua chache kutoka stendi. Chumba kimoja, kompyuta moja, feni moja, na mashine ya fotokopi yenye hasira kuliko mimi. Kibao cha nje kilisema steshenari. Kalamu na madaftari nilivipanga mbele kwa ajili ya heshima tu. Kazi iliyoniweka mjini ilikuwa flashi.

Ilikuwa miaka ya mizigo. Biashara ilikuwa imefunguliwa, makontena yanashuka Dar es Salaam, na vitu vilivyoshuka vilitufikia sisi wa barabara ya kusini vikiwa bado vinanuka boksi. Juzi tu mtu alikuwa anakaza kaseti kwa kalamu, na leo kila kitu kina tundu la flashi: redio, sabufa, deki, mpaka tochi. Niliwahi kuishika tochi hiyo mkononi, nikaigeuza na kuigeuza, nikajiuliza nani anataka kusikiliza kasida kutoka kwenye tochi. Mwezi haukwisha, nikawa nayo mwenyewe.

Kwa wateja waliokuwa na subira nilieleza. Flashi ni kama ghala la mpunga. Kabla hujaweka gunia la kwanza lazima ghala liwe na mpangilio, na atakayekuja kuchukua lazima aujue mpangilio huo, la sivyo atafungua mlango aone giza. Mpangilio ndio fomati. Ipo FAT32, ya zamani, inayosomwa na karibu kila chombo, hata redio ya bei ya chini kabisa. Kasoro yake ni kwamba faili moja likifika GB nne inalikataa, hata kama flashi yenyewe ina nafasi tele. Ipo NTFS, inayomeza faili kubwa bila kulalamika, lakini imezaliwa kwa ajili ya kompyuta, na redio nyingi zikiiona hufanya kama hazijaona kitu. Na ilikuwa ndiyo kwanza inaingia exFAT, ambayo nayo inameza makubwa, ila kwa wakati ule sikujua deki hata moja Kibiti iliyoweza kuisoma. Ukitaka kuhama kutoka mpangilio huu kwenda ule kwa njia niliyoijua mimi, unafuta kila kilichomo ndani. Ndiyo maana niliuliza kwanza.

Siku moja alikuja mkulima kutoka Mloka, mtu wa makamo, kofia mkononi. Yeye hakutaka nyimbo. Alitaka mbwa.

"Mbwa wengi," alisema, "wanabweka kwa hasira. Bila muziki."

Nguruwe walikuwa wanammalizia mahindi, na mbwa wake wa kweli alikuwa amezeeka. Nilimtafutia mbwa, nikapata kundi zuri la dakika nne, nikaliweka kwenye flashi yake. Baada ya muda akarudi kunisalimu. Nguruwe walikimbia siku sita, aliniambia. Siku ya saba walikuja, wakakaa, wakala huku wanasikiliza. "Wameshajua mahali inapoanza tena," alisema, na nilivyomtazama usoni niliona kwamba amewaheshimu kidogo.

Nilicheka siku ile. Jioni nilipokuwa nafunga duka sikucheka tena, kwa sababu nilimkumbuka mama.

Mama yangu alilima mpunga ndani ya delta, kwenye kisiwa ambacho ukitoka Nyamisati unakifikia kwa boti na kisha kwa mtumbwi, kwenye vijito vyembamba ambavyo mikoko inainama pande zote mbili mpaka mwanga wa jua unakuwa wa kijani. Nilizaliwa huko na nikakua huko, na bado kila nikirudi nilihisi kama naingia ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Maji yanapanda bila sauti, yanashuka bila sauti. Kaa wanatoka matopeni, wanakutazama, wanarudi. Mpaka leo nikifumba macho mchana naweza kukisikia kile kimya, na ndani yake, mbali, mtu anapiga kelele za kuwafukuza ndege.

Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege hushuka kwa maelfu. Hapo watu wanahama nyumba zao na kwenda kukaa kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, na wanaamia ndege kutoka macheo mpaka machweo. Una kombeo na vidonge vya udongo, una makopo uliyoyafunga kwenye kamba, lakini silaha kubwa ni koo. Na koo la mtu mmoja peke yake huchoka. Kwa hiyo wanawake wa kwetu huitana. Wa dungu hili anapiga kelele, wa dungu lile anamjibu, na ndani ya kelele hizo wanapitisha maisha yote: nani ameolewa, mume gani amechelewa kurudi, mchuzi wa nani uliungua jana, Kiswahili na Kindengereko vikichanganyika vyovyote vile. Ndege hawajui kama wanasemwa wao au anasemwa shemeji. Wanaruka tu.

Mwenzake mama alikuwa mwanamke wa ng'ambo ya kijito. Kati ya madungu yao palikuwa na maji na ukuta wa mikoko, hata hawakuonana. Walisikiana tu, msimu baada ya msimu, tangu mimi sijazaliwa. Waliitana "mwenzangu" na walitukanana kwa mapenzi makubwa. Dungu likinyamaza kwa muda mrefu, mwenzako anaita mara tatu. Usipojibu ya tatu, anaacha ndege wale, anachukua mtumbwi, anakuja kuona umepatwa na nini.

Mama alikuwa na tezi la shingo. Mimi nikiwa mdogo lilikuwa kama limau, na yeye alilifunika kwa upande wa khanga. Mwaka ninaousimulia lilikuwa limeshuka na kukaba. Akilala chali anakoroma kama anazama. Tulimpeleka hospitali, mimi na kaka yangu, na daktari akasema litolewe upesi, akatupangia siku. Alisema pia, kwa upole na bila kuficha, kwamba tezi limezunguka mahali panapotoka sauti. Roho yake angeiokoa. Sauti hakuweza kuahidi: huenda ingerudi baada ya wiki, huenda baada ya miezi, huenda isirudi.

Siku tuliyopewa iliangukia katikati ya msimu wa ndege.

"Siendi," alisema mama.

Kaka alimwambia mpunga utanunuliwa mwingine. Mama alimtazama kama mtu aliyetukana msibani. Mimi nilielewa asichokisema. Hakuwa anaogopa kisu wala kuukosa mpunga. Aliogopa kurudi kwenye dungu lake akiwa bubu, aitwe kutoka ng'ambo, na asiwe na kitu cha kujibu. Mtu wa namna hiyo, kwa hesabu za mama, hayupo shambani hata akiwa amekaa pale pale.

Nikamwambia kuhusu mbwa wa Mloka.

Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja, wale mbwa walibweka dakika ngapi. Nikamwambia nne. Akatikisa kichwa. "Ndege wana akili kuliko nguruwe," alisema. "Ukitaka kuninasa, ninase siku nzima. Macheo mpaka machweo, na usinikate popote. Wakisikia mahali umenikata, watanizoea."

Basi nikamtafuta kijana mpiga video za harusi, mtu wa Dar aliyehamia Kibiti kufuata wateja, anayejua kazi na anayejua kwamba anajua. Nilimpeleka delta na kamera yake, betri ya gari, na mfuko wa mikanda midogo. Mama alipoona kamera inamwelekea alijifunika shingo. "Hapana," alisema. "Piga mpunga. Mimi nisikike tu." Kijana akanitazama, nikamwambia fanya unavyoambiwa. Akageuza kamera.

Nimeiona siku ile mara nyingi tangu hapo, na bado siamini kwamba niliiishi. Mpunga mbichi, umande juu yake, na anga. Hakuna mtu. Upepo unapita na shamba zima linainama upande mmoja, linainuka. Halafu sauti ya mama inatoka mahali usipopaona, inapanda, inavunjika vipande, na kundi la ndege linanyanyuka kutoka kwenye mpunga na kugeuka angani wote pamoja. Kutoka mbali, ng'ambo, sauti nyingine inaijibu. Jua linasogea. Kivuli cha dungu kinatambaa juu ya mashuke. Kila mara kijana alipobadilisha mkanda mama alinyamaza na kumsubiri, kwa adabu, halafu anaendelea pale pale alipoachia. Alimsuta mwenzake kuhusu kuku. Alimuuliza kama mjukuu wake amepona homa. Aliwalaani ndege mpaka babu wa babu yao. Mchana, joto lilipokuwa kali, alikuwa akiita kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza, na nakumbuka nilisinzia kwenye sakafu ya dungu kama nilivyosinzia nikiwa na miaka mitano, nikijua kwamba maadamu ile sauti inaendelea hakuna baya litakalotokea. Nilipoamka nilikuwa nimelia, sijui kwa nini. Najua kwa nini.

Jua lilipozama mama alimwita mwenzake mara ya mwisho siku hiyo na kumpa maagizo. Nilikuwepo, nilisikia kila neno.

"Mwenzangu! Nitaondoka kwenda kukatwa! Lakini utanisikia hapa kila siku, mwanangu ataniweka kwenye mashine! Ukinisikia, ujue nipo! Nikinyamaza, ujue basi!"

Ng'ambo kukaitika: "Nimekusikia!"

Mpango ulikuwa rahisi. Kaka angempeleka mama hospitali. Mimi ningekwenda kwenye dungu na flashi, nifunge deki ndogo ya kubebea ambayo kaka alikuwa ameinunua kwa ajili ya kuangalia mpira huko huko delta, yenye kioo chake na inayokula umeme wa betri, niiunganishe na spika mbili, nihakikishe inaita, nirudi. Wifi yangu, mke wa kaka, ana shamba lake upande wa chini wa kijito. Yeye angepita kila macheo kuwasha na kila machweo kuzima. Na kama habari ya hospitali ingekuwa mbaya, asingewasha.

Kijana wa video aliingiza mikanda yote kwenye kompyuta yake. Ilikaa vipande vipande, kila mkanda faili lake. Nikamwambia aviunge viwe kitu kimoja.

"Sista, hilo faili litakuwa noma," alisema. "Acha vipande, kila deki itacheza."

"Mama amesema asikatwe."

"Havijakatika, ni mafaili tu. Kinaisha kimoja kinaanza kingine."

Nikamwambia aunge. Alinitazama kwa huruma ya mafundi, akaunga. Faili likatoka GB tano na ushee, siku nzima ya mama, mpunga na anga. Nililibeba mpaka dukani kama nimebeba yai.

Nilichomeka flashi mpya ya GB nane. Ilikuwa FAT32, kama zote zinavyotoka kiwandani. Nikalivuta faili kulipeleka humo, na kompyuta ikaniambia kile nilichokuwa nawaambia watu kila siku: faili ni kubwa mno. Nilikaa nikaitazama ile sentensi. Feni inazunguka, nje watu wa stendi wanaita abiria wa Ikwiriri, wa Utete. Ningeweza kulikata vipande viwili tu, na kila kipande kingeingia bila ubishi. Ningeweza kulibana liwe dogo. Kitu kimoja nilichokuwa nacho cha kumpa mama, kabla hajalazwa juu ya meza, kilikuwa utii. Nilitaka kumtii mpaka mwisho, mpaka ndani ya chombo ambacho yeye hakukijua.

Nikaifomati NTFS. Faili likaingia taratibu, dakika zikipita, mstari wa kijani ukijaa. Nikachomeka flashi kwenye deki ya dukani, ile kubwa mpya ninayojaribia kazi za wateja, na mama akaita. Mtu aliyekuwa anasubiri fotokopi aliruka. Nilifurahi kama mjinga. Na katika furaha ile, mimi ambaye nilimuuliza kila mtu wa Mkongo na Mchukwi na Mloka ataichezea wapi, sikujiuliza.

Siku ya mama kukatwa nilifika kwenye dungu macheo. Kaka alikuwa ameniambia kwa simu, nikiwa bado Nyamisati, kwamba ataingia chumba cha upasuaji asubuhi hiyo. Ndani ya vijito simu haikamati kitu. Nilipanda ngazi, nikatundika spika, nikaunga betri, nikawasha deki ya kaka. Kioo kikawa buluu. Nikachomeka flashi. Taa ikapepesa mara mbili, ikazima, na maandishi yakaja: hakuna faili.

Nikachomoa, nikachomeka. Hakuna faili. Nikazima deki, nikawasha. Nikapuliza tundu, nikaipangusa flashi kwenye gauni langu, mambo yale yale niliyokuwa nawacheka wateja wakiyafanya mbele yangu. Hakuna faili. Ilikuwa deki ya zamani, ya bei ya chini, inayojua mpangilio mmoja tu, na mimi nilikuwa nimeipelekea mwingine. Mama alikuwemo mle ndani mzima mzima, na deki imefungua mlango ikaona giza.

Ndege walikuwa wameshashuka. Jua lilikuwa linapanda. Shamba lilikuwa zuri sana na kimya sana.

Kisha kutoka ng'ambo: "Mwenzangu!"

Nilibaki nimeishika ile flashi. Wazo langu la kwanza, na naona aibu kuliandika, lilikuwa kwamba nizishushe spika, nirudi Kibiti mbio, nikate faili, nirudi. Safari ya kutwa nzima.

"Mwenzangu oo!"

Ya pili ilikuwa juu zaidi, na mwishoni ilitetemeka. Hapo ndipo nilipokumbuka maagizo. Ukinisikia, ujue nipo. Nikinyamaza, ujue basi. Mwanamke yule, nyuma ya mikoko, hakuwa anawaza deki wala fomati. Alikuwa amekaa tangu kulipopambazuka akisubiri kusikia kama mwenzake yu hai, na mimi, kwa ukimya wangu, nilikuwa nimemjibu. Ya tatu haikuja kama mwito. Alianza kulia. Kwetu kilio cha namna ile hakikai mahali pamoja. Dungu la tatu litakipokea, la nne litakipokea, na kabla ya adhuhuri mtu yupo kwenye boti kwenda bara kuuliza maziko ni saa ngapi, huku mama mwenyewe angali mikononi mwa daktari.

Nikasimama. Nikapiga kelele.

Ilitoka sauti ya dukani. Sauti ya kuita "anayefuata." Ndege wa karibu waliinua vichwa, wakaendelea kula. Nikavuta pumzi mpaka tumboni, kama nilivyomwona mama akifanya siku zangu zote, nikapiga nyingine, na hiyo ilipasuka katikati, ikanichubua koo, na kundi zima likanyanyuka.

Kilio cha ng'ambo kikakatika.

"Nani huyo?"

"Mimi! Mwanawe! Mashine imekataa! Mama yuko hospitali, ndiyo anaingia sasa hivi!"

Nikatukanwa. Nilitukanwa kwa utaratibu, kuanzia kichwa changu cha mjini mpaka hiyo mashine yangu, kwa Kindengereko ambacho nilikuwa nimekisahau na kilichonirudia chote asubuhi ile. Sikuwahi kufurahi kutukanwa namna hiyo. Ndege waliruka juu ya shamba lake na juu ya langu.

Sikurudi Kibiti. Alasiri wifi alikuja na mtumbwi akaniletea habari iliyopita kwenye simu ya bandarini: mama ametoka salama, ameamka, hajasema neno. Nilikaa kwenye dungu wiki nzima na zaidi, duka limefungwa. Niliita mpaka nikawa natema damu kidogo, halafu koo likakomaa. Mwenzake mama alinifundisha kupumzika mchana, kuita kwa sauti ya chini joto likiwa kali. Alinisimulia juu ya maji mambo ya mama ambayo mama hakunisimulia: kwamba msimu nilipozaliwa aliita na kufukuza ndege mpaka uchungu ulipomzidi, na yeye ng'ambo alijua mtoto anakuja kwa jinsi sauti ilivyobadilika. Siku zilifuatana kama siku moja ndefu. Wakati mwingine, nikiwa nusu macho, sikujua kama anayeita ni mimi au ile sauti niliyokua ndani yake.

Mama aliporuhusiwa nilikwenda kumpokea, na nilipitia dukani. Siku hiyo nilifanya kazi niliyopaswa kuifanya mwanzo. Nikalikata faili vipande viwili, nikaifuta flashi, nikairudisha FAT32, nikaviweka. Deki ya kaka ingevisoma bila shida. Nilijiambia angalau sauti ipo.

Kwa sababu sauti ya mama mwenyewe haikuwepo. Shingoni alikuwa na bandeji nyeupe, nyembamba, na shingo yenyewe, ambayo sikuwahi kuiona wazi maishani mwangu, ilikuwa ya msichana. Alipofungua mdomo kilitoka kitu kama karatasi inayokunjwa. Ilibidi usogeze sikio. Alitaka kwenda shambani, mpunga ulikuwa umebakiza siku chache kuvunwa, na hakuna aliyethubutu kumkataza.

Tulimpandisha ngazi asubuhi, mimi na wifi, wifi akaenda kwenye shamba lake. Mama aliketi, akatazama mpunga wake kwa muda mrefu, akapapasa nguzo. Nikachomeka flashi. Deki ikasoma. Mama wa siku ile akaita juu ya shamba, na mama wa siku hii akageuza uso kama mtu aliyeitwa na asiyemjua.

Ndege waliruka. Tukasubiri ng'ambo ijibu. Sauti ya kwenye spika ikamsuta mwenzake kuhusu kuku, ikanyamaza pale ambapo jibu lilipaswa kuwa, ikaendelea. Ng'ambo kimya. Ikauliza kama mjukuu amepona homa. Kimya. Nilimwona mama anaukaza mkono kwenye nguzo. Aliinama akaninong'oneza, "Kwa nini hajibu?"

Baadaye sana mwenzake alinieleza kwamba aliisikia vizuri, na machozi yalimtoka, na alianza kujibu. Ila alipokuwa katikati ya jibu lake, sauti ile haikumsubiri. Ilimpita ikaendelea na mambo ya wiki zilizopita. Na mjukuu alikuwa ameshapona homa kitambo, na aliyekuwa anauliza alikuwa ameshajibiwa.

Asubuhi ile sikuyajua hayo. Mama akainyooshea deki kidole, akanifanyia ishara ya kuzima. Nikazima. Ndege walianza kurudi mmoja mmoja. Mama akajaribu kuita, akavuta pumzi mpaka tumboni, na kilichotoka hakikufika hata ngazi ya kwanza. Akajaribu tena. Nilishindwa kumtazama.

Halafu akanishika sikio, kama alivyonishika nikiwa mtoto mkaidi, akalivuta mpaka mdomoni pake, akasema neno moja.

Nikasimama, nikavuta pumzi, nikalipiga lile neno juu ya mpunga na juu ya maji kwa koo langu lote:

"Nimerudiii!"

Jibu lilikuja kabla ndege hawajamaliza kugeuka angani. "Umechelewa! Wamekumalizia shamba, mvivu wee!"

Mama alitikisika mabega. Alikuwa anacheka, bila sauti yoyote, machozi yanamtiririka mpaka kwenye bandeji. Akalivuta sikio langu tena, maana alikuwa na la kumjibu, nalo lilikuwa tusi refu.